Kifafa Kilichotulizwa na Vitamini

Ni mambo machache yanayoishtua nyumba kama mtoto mchanga anapopatwa na degedege. Mtoto aliyekuwa akinyonya kwa utulivu hukaza mwili ghafula, macho yakageuka juu, mikono na miguu ikatetemeka, na mama, hata akiwa jasiri wa namna gani, hupiga ukelele kuwaita jirani. Wazee wengi wa pwani yetu waliamini kwamba degedege huletwa na ndege au pepo arukaye usiku. Usiwacheke, msomaji. Waliona tukio ambalo sababu yake haikuonekana kwa macho, wakaitafuta sababu hiyo katika mambo yasiyoonekana. Leo tunajua kwamba degedege la watoto mara nyingi huletwa na homa kali, hasa homa ya malaria. Na kwamba mtukutiko unaorudi mara kwa mara pasipo homa huitwa kifafa.

Walakini, hata jina hilo la kifafa halitoshi. Kifafa si ugonjwa mmoja. Ni mlango mmoja ambao maradhi mengi tofauti hupitia. Katika insha hii nataka kukusimulia habari za ugonjwa mmoja tu miongoni mwa hayo. Ni ugonjwa wa nadra, unaorithiwa, nao huwashika watoto tangu siku zao za kwanza duniani. Nimeuchagua kwa sababu historia yake ina fundisho kubwa: dawa zenye nguvu ziliushindwa, lakini ulitulizwa na kitu kidogo kilichomo katika ndizi na mahindi.

Tuanze mbali kidogo. Wagiriki wa kale waliuita kifafa ugonjwa mtakatifu, wakidhani kwamba miungu ndiyo iliyomwangusha mgonjwa. Yapata miaka 400 kabla ya kuzaliwa Kristo, kiliandikwa kitabu kinachohusishwa na jina la tabibu Hippocrates, nacho kilipinga imani hiyo waziwazi. Mwandishi wake alisema kwamba ugonjwa huo si mtakatifu kuliko mwingine, na kwamba chanzo chake kimo katika ubongo. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, lakini ilichukua zaidi ya miaka elfu mbili kabla ya matabibu kupata dawa iliyofaa. Mwaka 1857 daktari mmoja wa London, Charles Locock, alieleza kwamba chumvi iitwayo bromaidi huweza kupunguza kifafa. Mwaka 1912 Mjerumani Alfred Hauptmann alitangaza manufaa ya fenobarbitali, dawa ambayo hata leo hutumika katika hospitali nyingi za Afrika. Mwaka 1929 Mjerumani mwingine, Hans Berger, alichapisha habari za chombo chake cha kuandika mawimbi ya umeme yatokayo katika ubongo. Na hapo ndipo watu walipoweza kuona kwa macho ile dhoruba inayovuma kichwani mwa mgonjwa anapoanguka.

Hizo zilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo walikuwako watoto ambao hawakupata nafuu kwa dawa yoyote. Mtoto huzaliwa, na kabla hajamaliza juma moja anaanza kutukutika. Anapewa fenobarbitali, hapati nafuu. Anaongezewa dawa nyingine, naye analala kwa ulevi wa dawa huku viungo vyake vikiendelea kuruka. Wengi walikufa. Tena katika jamaa nyingine, mtoto wa kwanza alikufa hivyo, akafuatwa na wa pili. Fikiri, msomaji, maneno ambayo mama wa watoto hao aliyasikia kwa wakwe na majirani. Katika nchi nyingi, na yetu ni mojawapo, mama ndiye aliyetupiwa lawama kwanza.

Sasa tuwaache watoto hao kwa muda, tutazame panya. Katika miaka ya 1930 wataalamu wengi walikuwa wakichunguza vitamini, yaani vile vitu vidogo ndani ya chakula ambavyo mwili hauwezi kuishi bila ya kuvipata. Mmoja wao alikuwa Paul György, mzaliwa wa Hungaria. Aliona kwamba panya walionyimwa kitu fulani katika chakula chao walitokwa na vidonda vya ngozi, na mwaka 1934 akakiita kitu hicho vitamini B6. Kufikia mwaka 1938 vitamini hiyo ilikuwa imetengwa ikiwa safi, na mwaka 1939 wanakemia waliweza kuitengeneza wenyewe. Waliipa jina la piridoksini. Imo katika vyakula vingi, kama vile ndizi, viazi, mahindi, samaki na nyama, hata ni shida mtu alaye vizuri kuikosa. Kwa hiyo madaktari hawakuihofia sana. Nani angedhani kwamba uhai wa mtoto ungeweza kuning'inia kwenye uzi mwembamba kama huo?

Jibu lilikuja kwa njia ya ajali. Kati ya mwaka 1951 na 1953, huko Marekani, watoto wachanga waliokuwa wazima walianza kushikwa na kifafa nyumbani kwao. Hawakuwa na homa wala jeraha. Madaktari waliulizia maisha ya watoto hao, wakagundua kwamba wengi walinyweshwa maziwa ya kopo ya namna moja. Katika kuyatengeneza, maziwa hayo yalipashwa moto mkali ili kuua vijidudu, na moto huo uliharibu sehemu kubwa ya vitamini B6 iliyokuwamo. Watoto walipopewa vitamini hiyo, au walipobadilishiwa maziwa, kifafa kiliwaacha. Hivyo dunia ikajifunza kwamba ubongo wa mtoto ukikosa piridoksini hushikwa na dhoruba.

Katika miaka iyo hiyo palikuwako mtoto mwingine ambaye habari yake ni ya ajabu zaidi. Ililetwa mbele ya matabibu mwaka 1954 na daktari wa Marekani, Andrew Hunt, pamoja na wenzake watatu. Mtoto huyo alianza kutukutika mara tu baada ya kuzaliwa, na dawa za kawaida hazikumsaidia. Hatimaye madaktari walimpa mchanganyiko wa vitamini nyingi kwa pamoja, na kifafa kikatulia. Wengine wangeridhika hapo, wakamshukuru Mungu na kwenda zao. Lakini madaktari hawa walijiuliza: ni ipi kati ya vitamini hizi iliyofanya kazi? Wakazichunguza moja baada ya moja, mpaka wakaikuta iliyokuwa na nguvu hiyo. Ilikuwa piridoksini. Mtoto alipoikosa, kifafa kilirejea. Aliporudishiwa, kikatulia tena.

Hapa yapasa kutofautisha mambo mawili ambayo kwa mbali hufanana. Watoto wa yale maziwa ya kopo walikosa vitamini katika chakula. Walipopewa kiasi cha kawaida walipona, wakawa kama watoto wengine. Mtoto wa daktari Hunt hakukosa vitamini katika chakula chake. Alipata kile kinachomtosha mtoto yeyote, lakini hakikumtosha yeye. Mfano wake ni mtungi. Mtungi mmoja ni mtupu kwa sababu hakuna aliyetia maji; ukitiwa maji, hujaa. Mtungi wa pili ni mtupu kwa sababu una tundu. Huo hauna budi kutiwa maji mengi, kila siku, bila kukoma, ili yaliyomo yasipungue. Mtoto mchanga wa kawaida huhitaji yapata miligramu 0.1 tu ya piridoksini kwa siku. Mtoto mwenye ugonjwa huu aweza kupewa miligramu 100 kwa siku, yaani mara elfu moja ya kiasi hicho, na ataendelea kuitumia vitamini hiyo maisha yake yote. Akiacha, kifafa hurudi.

Madaktari walikuwa wameijua dawa, lakini tundu la mtungi hawakulijua. Kulitafuta kulichukua miaka 52, na safari hiyo inastahili kusimuliwa.

Jambo la kwanza lililoonekana ni kwamba ugonjwa ulifuata ukoo, ila kwa namna ya kujificha. Wazazi walikuwa wazima kabisa, na baadhi ya watoto wao walikuwa wazima, wengine wakaugua. Sheria ya mambo hayo ilikwisha kuelezwa zamani na mtawa Gregor Mendel wa mji wa Brno, aliyepanda njegere katika bustani ya nyumba yao ya watawa na kuchapisha matokeo yake mwaka 1866. Kila mmoja wetu amepewa maagizo mawili kwa kila kazi nyingi za mwili, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Maagizo hayo huitwa jeni. Jeni moja ikiharibika, ya pili aghalabu hutosha, na mtu huishi bila kujua. Lakini wawili wenye jeni iliyoharibika namna moja wakioana, basi katika kila mimba ipo nafasi moja kati ya nne kwamba mtoto atarithi jeni mbovu kwa pande zote mbili. Angalia vizuri, msomaji: huyo mtoto amepokea sehemu sawa kutoka kwa baba na kwa mama. Wale waliomlaumu mama peke yake walimdhulumu. Na hata baba hana kosa, kwa kuwa hakuna mtu achaguaye jeni zake.

Jambo la pili lilikuwa kuuliza ni kazi gani ya mwili iliyoharibika. Mwaka 1950 ilikuwa imegunduliwa katika ubongo kemikali iitwayo GABA, ambayo baadaye ilijulikana kuwa ndiyo mtulizaji mkuu wa ubongo. Mwili hauwezi kutengeneza GABA bila msaada wa vitamini B6. Kwa hiyo wataalamu walimshuku kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, wakasema: bila shaka mwizi ni huyu. Lilikuwa wazo la akili, na kwa miaka mingi lilirudiwa vitabuni. Lakini walipoweza kuichunguza jeni ya kimeng'enya hicho kwa wagonjwa, hawakuiona na kosa. Miaka kadha wa kadha walikuwa wamemshuku asiyehusika.

Mwaka 2000 nyayo mbili mpya zilionekana. Wataalamu waliokuwa wakifanya kazi Ufaransa walipima jamaa zenye ugonjwa huu, wakaonyesha kwamba jeni inayotafutwa imo katika kromosomu ya 5. Mwaka huo huo Barbara Plecko na wenzake huko Austria waliona kwamba damu ya wagonjwa ina asidi fulani kwa wingi kupita kiasi, na asidi hiyo hutokana na kuvunjwa kwa lisini. Lisini ni moja ya vipande vinavyojenga protini. Imo katika maharagwe, maziwa, mayai na nyama. Kumbe wapelelezi walikuwa wakilinda mlango wa mbele, na mwizi alikuwa amepitia jikoni!

Mwaka 2006 Philippa Mills, Peter Clayton na wenzao, waliofanya kazi katika chuo cha afya ya watoto huko London, waliunganisha nyayo hizo na kufika mwisho wa safari. Jeni iliyoharibika ni ile inayotengeneza kimeng'enya kiitwacho antikwitini. Kazi yake ni kuvunja takataka zinazobaki mwili unapoitumia lisini. Kikikosekana, takataka hizo hulimbikizana; na moja yao ina tabia ya kuikamata vitamini B6 iliyo tayari kwa kazi, na kujifunga nayo hata vitamini hiyo isiweze kufaa tena. Ubongo hubaki na njaa ya vitamini katikati ya shibe. Hilo ndilo tundu la mtungi. Na ndiyo sababu vitamini nyingi husaidia: hata nyingi zikikamatwa, zitakazoponyoka zitatosha.

Jina la antikwitini lina maana ya kitu cha kale, nalo lilitolewa kwa sababu maalumu. Katika miaka ya 1990 wataalamu waliona kwamba protini hii ya binadamu inafanana, kwa kiasi cha asilimia 60 hivi, na protini iliyokuwa imeonekana katika mmea wa njegere unapopungukiwa maji. Kitu kinachofanana hivyo kwa mtu na kwa mmea hakina budi kuwa cha kale mno. Mendel, alipoinama juu ya njegere zake, hakuweza kujua kwamba ndani ya majani yale kuna ndugu wa protini ambayo siku moja ingeeleza vifo vya watoto.

Pengine unajiuliza kama mambo haya yanatuhusu sisi. Yanatuhusu. Kwanza, ugonjwa wenyewe haubagui taifa, ingawa ni wa nadra. Makadirio ya miaka ya karibuni ni ya mtoto mmoja hivi kati ya watoto 64,000 wanaozaliwa. Pili, piridoksini si kitu kigeni katika nchi yetu. Wagonjwa wa kifua kikuu wanaotumia dawa ya isoniazidi, iliyoanza kutumika mwaka 1952, hupewa piridoksini pamoja nayo, kwa kuwa dawa hiyo nayo huikamata vitamini B6, ikaweza kudhuru mishipa ya fahamu. Dawa inayoweza kumwokoa mtoto wa namna hii yaweza kuwa imewekwa katika kabati la hospitali ya wilaya, chini ya jina la ugonjwa mwingine. Kinachohitajika ni mtu wa kulikumbuka jambo hilo kwa wakati.

Na wakati ndio jambo kubwa. Mtoto mchanga ambaye kifafa chake hakisikii dawa yapasa ajaribiwe kwa piridoksini mapema, hospitalini, penye watu wa kumwangalia. Maana dozi ya kwanza yaweza kumlaza mno, hata pumzi ikasimama kwa kitambo. Siku hizi vipimo vya damu na mkojo, na uchunguzi wa jeni, huweza kuthibitisha ugonjwa. Tusijidanganye, hata hivyo, kwamba vitamini huponya kila kitu. Kwa wengi huzuia kifafa, lakini watoto wengi kati yao hubaki na uzito wa kujifunza au wa kusema, kwa sababu takataka za lisini zinaendelea kuwasumbua. Kwa hiyo, tangu miaka ya 2010, madaktari wamekuwa wakiwapunguzia pia vyakula vyenye lisini nyingi, kwa uangalizi wa wataalamu wa chakula. Wala mtu asikimbilie kumnywesha mwanawe vitamini ovyo. Piridoksini ikizidi mno kwa muda mrefu hudhuru mishipa ya fahamu ya mikono na miguu. Na kwa vifafa vilivyo vingi haisaidii kitu.

Swali walilouliza akina Hunt, yaani mtoto huyu anapungukiwa nini, limefungua milango mingine pia. Mwaka 1991 daktari Darryl De Vivo wa Marekani na wenzake walieleza habari za watoto wawili wachanga ambao damu yao ilikuwa na sukari ya kutosha, lakini sukari hiyo haikuweza kuvuka vema kuingia katika ubongo. Ubongo wao ulikuwa na njaa, ukalia kwa kifafa. Dawa yao ilikuwa chakula chenye mafuta mengi na wanga kidogo sana, kwa kuwa ubongo huweza kutumia kuni zitokanazo na mafuta badala ya sukari. Chakula cha namna hiyo kilikuwa kimependekezwa kwa wagonjwa wa kifafa tangu mwaka 1921 na Russell Wilder, naye alikuwa hajui lolote juu ya watoto hao. Mara ya pili, dawa ilitangulia na sababu ikafuata nyuma.

Basi, msomaji, tuone tumevuna nini. Waliosema kwamba ni pepo, na waliosema kwamba mama ana mkosi, walikuwa na kosa moja: walipata jibu upesi, wakaacha kuuliza. Hata wataalamu waliomshuku kimeng'enya kisicho na hatia walikosea. Ila wao walikubali kupima wazo lao, nalo liliposhindwa wakaliacha. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mtoto mwenye kifafa akifichwa ndani kwa aibu, hakuna atakayeuliza anapungukiwa nini, na miezi ambayo ubongo wake ungeweza kuokolewa itapita.

Siku moja utasikia ukelele katika nyumba ya jirani, nawe utakuwa miongoni mwa wachache waliosoma katika mtaa au kijiji chako. Mlaze mtoto ubavu, usimtie kitu kinywani, uwasaidie wazazi wake kufika hospitali. Na kama yuko atakayeanza kumnyoshea mama kidole, mweleze kwa heshima habari za jeni mbili, moja ya baba na moja ya mama. Kwa kufanya hivyo utakuwa umemwondolea mama yule nusu ya mzigo wake, kabla daktari hajaanza kazi.